Vidonge Sabini: Hotuba kuhusu Asikloviri, Mkanda wa Jeshi na Hepesi

Maneno haya yalitolewa kwa wauza dawa, wahudumu wa afya ya jamii na wakazi wa Eastlands, Nairobi.

Wazee wetu, akina mama, wenzetu wa maduka ya dawa na zahanati, nanyi vijana mlioketi pale nyuma: hamjambo, na asanteni kwa kuja.

Tuanze na karatasi ya dawa. Ni karatasi ya kawaida kabisa, ya mama wa miaka 62 aliyetokwa na mkanda wa jeshi kiunoni. Imeandikwa asikloviri miligramu 400, kutwa mara tatu, siku tano. Jina la dawa ni sahihi. Mama analipa, anahesabiwa vidonge 15, anapanda matatu kurudi Umoja akijua ametibiwa. Lakini dozi ile ni ya hepesi ya sehemu za siri. Mkanda wa jeshi hutibiwa kwa miligramu 800, mara tano kwa siku, kwa siku saba. Kwa vidonge hivyo hivyo vya miligramu 400, ni viwili kila mara, kumi kwa siku, sabini kwa wiki. Mama huyu kila siku anameza chini ya thuluthi ya dawa anayostahili. Wiki ijayo atasema dawa haifanyi kazi, na majirani watamwamini.

Hilo ndilo limetuleta hapa. Asikloviri ni dawa nzuri, imeshuka bei, na inapatikana karibu kila kemisti. Inapoonekana kushindwa, mara nyingi kilichoharibika ni saa ya kuanza au hesabu ya vidonge.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hapo, dozi hazikupi taabu kukumbuka. Hepesi ya mdomoni, hepesi ya sehemu za siri na mkanda wa jeshi husababishwa na virusi vya ukoo mmoja. Hepesi ina aina mbili: ya kwanza hupenda mdomo na ya pili hupenda sehemu za siri, ingawa siku hizi mipaka hiyo inavukwa sana. Mkanda wa jeshi unaletwa na virusi vile vile vya tetekuwanga. Ukiugua tetekuwanga utotoni, ukapona, virusi haviondoki. Vinajificha kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo na vinalala humo miaka mingi. Kinga ya mwili ikilegea, vinaamka na kushuka kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana upele hukaa upande mmoja wa mwili tu, kama ukanda uliokatwa katikati.

Asikloviri ikiingia mwilini haina makali. Inangoja kimeng'enya cha virusi vyenyewe ndipo iamshwe. Seli isiyo na virusi haina kimeng'enya hicho, kwa hiyo dawa inaipita bila kuigusa, na hiyo ndiyo sababu madhara yake ni machache ukilinganisha na dawa nyingi za virusi. Ndani ya seli iliyovamiwa, virusi vinajitengenezea nakala kwa kuunganisha vipande vya DNA kimoja baada ya kingine. Asikloviri hujipenyeza katika mstari huo kama ushanga usio na tundu la pili: ukishatungwa, uzi hauendelei. Kazi hii ilifanywa katika maabara za Burroughs Wellcome, na Gertrude Elion, aliyekuwa mmoja wa wakuu wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988 pamoja na George Hitchings na James Black.

Kutokana na hayo, kumbukeni mambo mawili. Dawa inazuia nakala mpya. Haifufui ngozi iliyokwisha kuungua, wala haivifuati virusi vilivyolala ndani ya neva. Kwa hiyo haiponyi hepesi kabisa, na anayekuuzia "tiba ya mwisho ya hepesi", iwe ya chupa au ya unga, anakuuzia maneno. Pili, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia nakala, lazima ifike wakati nakala zinatengenezwa. Kwenye mkanda wa jeshi wakati huo ni saa 72 za kwanza, yaani siku tatu, zikihesabiwa tangu upele ulipoonekana, si tangu maumivu yalipoanza.

Na maumivu hutangulia. Siku moja hadi tano kabla ya upele, mtu anahisi kuchomwa, kuwashwa au kama umeme unapita upande mmoja wa mbavu, mgongo au uso. Wengi hudhani ni nimonia, moyo, vidonda vya tumbo au figo, na wengine huchomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, na kurudishwa nyumbani. Kisha yanatokea madoa mekundu, na juu yake vishada vya malengelenge madogo yenye maji, katika ukanda mmoja usiovuka mstari wa katikati ya mwili. Baada ya siku saba hadi kumi yanakauka na kuwa magamba. Ngozi hupona kwa wiki mbili hadi nne.

Hapa Nairobi kuna kitu kinachotuchanganya kila msimu wa mvua, nacho ni Nairobi fly. Licha ya jina hilo, si nzi. Ni mbawakavu mwembamba, mwekundu na mweusi, asiyeuma wala kudunga. Ukimponda kwenye ngozi, anaachia sumu inayoleta mchirizi wa malengelenge yanayowaka moto, na watu wengi wamenunua asikloviri bure kwa ajili yake. Tofauti ziko wazi ukitulia. Jeraha la mdudu hutokea siku moja au mbili baada ya kumponda, mara nyingi ukiamka asubuhi, kwenye ngozi iliyokuwa wazi: shingoni, usoni, mkononi. Halijali mstari wa katikati ya mwili. Likiwa kwenye kikunjo cha kiwiko, utaona alama mbili zinazotazamana, kwa sababu ngozi imegusana. Na hakuna maumivu ya siku kadhaa yaliyolitangulia. Hilo linataka maji na sabuni mara moja, si kidonge cha virusi.

Sasa dozi. Mtu mzima mwenye mkanda wa jeshi na figo nzima ana njia tatu. Asikloviri miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba. Wengine huendelea hadi kumi. Valasikloviri gramu moja mara tatu kwa siku, kwa siku saba; kwa vidonge vya miligramu 500 hiyo ni sita kwa siku na 42 kwa jumla. Famsikloviri miligramu 500 mara tatu kwa siku, kwa siku saba, ingawa hii si rahisi kuipata. Kwenye boksi mtaona Aciclovir au Acyclovir. Ni dawa ile ile.

Kwa nini asikloviri inataka mara tano? Kwa sababu tumbo linafyonza sehemu ndogo tu ya kidonge, kati ya asilimia 10 na 20, na kinachoingia kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili na nusu hadi tatu. Valasikloviri ni asikloviri iliyofungwa kwa namna inayopita vizuri tumboni, ikafunguliwa baada ya kufyonzwa, na zaidi ya nusu yake hufika kwenye damu. Ndiyo maana mara tatu zinatosha. Bei yake iko juu, lakini kwa mtu anayeendesha boda kutwa nzima, au mama anayefungua kibanda alfajiri, tungeshauri aitafute akiweza. Dozi tano ni kazi ngumu, na dozi inayorukwa kila siku ni dawa iliyopungua kwa asilimia 20.

Akitumia asikloviri, msimwambie "kutwa mara tano" mkaishia hapo. Mwandikieni saa: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Usiku alale. Chakula si hoja, anaweza kumeza akiwa ameshiba au ana njaa. Akisahau, ameze anapokumbuka, na asirundike dozi mbili kwa pamoja. Kama dukani kuna vidonge vya miligramu 200 pekee, jueni kwamba ni vinne kila mara, 20 kwa siku, 140 kwa wiki. Mgonjwa ataogopa akiona lundo hilo. Mwelezeni kabla hajatoka mlangoni, la sivyo atajipunguzia mwenyewe akifika nyumbani. Ndugu zetu Waislamu mtakaougua mwezi wa Ramadhani, ratiba hii haipatani na mchana wa kufunga. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na maimamu wetu hapa Eastleigh watawaeleza hilo vizuri kuliko sisi.

Je, aliyechelewa siku nne au tano? Msimfukuze. Kama malengelenge mapya bado yanachipuka, kama kinga yake iko chini, au kama upele uko karibu na jicho, aanze dawa. Lakini kijana mwenye afya ambaye kila kitu kimekwisha kukauka na kuwa magamba hana faida kubwa ya kununua vidonge 70. Anachohitaji ni dawa ya maumivu na usafi wa ngozi.

Krimu ya asikloviri ya asilimia 5 haitibu mkanda wa jeshi. Virusi viko kwenye neva, krimu iko juu ya ngozi. Kwa hepesi ya sehemu za siri nayo haina faida ya kutajika. Pahali pake padogo ni hepesi ya mdomoni, ikipakwa mara tano kwa siku kwa siku nne tangu mwasho wa kwanza, na hata hapo inapunguza ugonjwa kwa muda mfupi tu, nusu siku hivi. Antibiotiki haziui virusi. Zina kazi pale tu ngozi imeingiwa na bakteria, ikawa na usaha, joto na wekundu unaosambaa. Krimu zenye steroidi, zile zinazouzwa kwa kila upele na kila doa, zinaidhoofisha kinga ya ngozi pale pale inapohitajika. Majivu, dawa ya meno na maji ya betri tumeyasikia yote. Maji ya betri ni asidi, na kovu lake hubaki baada ya mkanda wa jeshi kusahauliwa.

Figo ndizo zinazoitoa asikloviri mwilini, na hapo ndipo dawa hii pole inapogeuka kuwa ya hatari. Mzee, mtu wa kisukari au wa presha ya miaka mingi, anayefanyiwa dayalisisi, au anayetapika na kuhara hadi kukaukiwa, hawezi kupewa dozi ile ile. Kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, si ghali. Kifanyeni kwanza kwa mtu wa aina hiyo, au anza dawa na upate majibu siku hiyo hiyo. Uwezo wa figo ukiwa kati ya mililita 10 na 25 kwa dakika, miligramu 800 hutolewa kila baada ya saa nane. Ukiwa chini ya 10, kila baada ya saa 12. Dawa ikijaa kwenye damu, mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, anatetemeka, anaona watu wasiokuwepo, anapepesuka. Familia husema mzee amerogwa, au ugonjwa umepanda kichwani. Simamisha dawa, mpeleke hospitali. Na angalieni mfuko mzima wa dawa: diklofenaki au ibuprofeni pamoja na asikloviri ni mzigo mara mbili kwa figo. Anayetumia ARV zenye tenofoviri naye afuatiliwe figo zake. Maji anywe kwa wingi mchana kutwa, isipokuwa kama daktari wake wa moyo au wa figo amempunguzia.

Sasa jicho, na hapa tusikilizane sana. Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso na kope, tazameni ncha ya pua. Malengelenge yakiwa kwenye ncha au ubavu wa pua, jicho lina hatari kubwa ya kuguswa, kwa kuwa neva inayohudumia ncha ya pua ndiyo hiyo hiyo inayoingia ndani ya jicho. Mgonjwa aanze vidonge papo hapo na aonwe na mtaalamu wa macho siku hiyo, awe anaona vizuri au la. Msimpe matone ya macho yenye steroidi kutoka kaunta. Kama tatizo ni kidonda cha hepesi kwenye kioo cha jicho, matone hayo yanaweza kumharibia macho kabisa. Vivyo hivyo sikio: malengelenge ndani ya sikio pamoja na upande mmoja wa uso kulegea ni dharura.

Wengine wa kupelekwa hospitali bila kujadili ni hawa: malengelenge yaliyotoka nje ya ukanda na kusambaa mwilini, homa kali pamoja na kuumwa kichwa na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, au kinga iliyoshuka sana. Hao hupewa asikloviri ya dripu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa nane. Kwa wenzetu wauguzi: mtu wa kilo 60 ni miligramu 600. Ipitishwe kwa saa nzima, isisukumwe kwa sindano hata siku moja, kwa sababu ikifika kwenye figo kwa kishindo inagandisha fuwele humo. Mchanganyiko usizidi miligramu 7 kwa kila mililita, kwa hiyo dozi kubwa iwekeni kwenye mililita 250, si 100. Ukishaichanganya usiitie kwenye friji, itaganda. Na hakikisheni sindano imekaa vizuri kwenye mshipa. Dawa hii ni kali kama magadi na ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama.

Tuje kwenye jambo ambalo watu hulinong'ona. Mkanda wa jeshi kwa mtu wa chini ya miaka 50 ni sababu ya kupima virusi vya Ukimwi. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika hatua ya pili ya dalili za HIV. Lakini uzee peke yake unatosha kuuleta, na hata kisukari, saratani, au kutumia prednisoloni kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwambie mtu apime. Usimpe majibu wewe kwa macho. Na aliyekwisha kuanza ARV, kisha miezi michache baadaye akatokwa na mkanda, asiache ARV. Mara nyingi ni kinga inayoamka na kugundua adui aliyekuwa amelala. Atibiwe mkanda, ARV ziendelee.

Maumivu. Parasetamoli gramu moja kila baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa siku, husaidia walio na maumivu madogo. Maumivu ya neva yanahitaji dawa za neva: amitriptilini miligramu 10 au 25 usiku, au gabapentini, kwa maagizo ya daktari. Amitriptilini humlaza mtu na kumkausha mdomo, na mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kuziba mkojo. Kabamazepini nayo huandikwa mara kwa mara, na hapo tunawaomba mwulize swali moja: unatumia ARV? Kabamazepini hushusha kiwango cha dolutegraviri kwenye damu, na dolutegraviri ndiyo nguzo ya matibabu ya HIV nchini. Mtu anaweza kutibiwa maumivu ya neva huku ARV zake zikipoteza nguvu.

Maumivu yakizidi miezi mitatu baada ya upele kupona, hayo ni maumivu ya neva iliyoumia, na asikloviri haina kazi tena hapo. Kuna wanaoirudia dozi ya pili na ya tatu. Ni pesa zinazomwagika. Tuseme pia ukweli usiopendwa: dawa ikianzwa mapema inaharakisha kukauka kwa malengelenge na kupunguza maumivu ya wiki za mwanzo, lakini ushahidi kwamba asikloviri inazuia haya maumivu ya muda mrefu ni dhaifu. Tunaitoa mapema kwa sababu ya faida hizo za mwanzo, na kwa kulinda macho na wenye kinga ndogo.

Je, unaambukiza? Huwezi kumwambukiza mtu mkanda wa jeshi. Unaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, kwa maji ya malengelenge, hadi yote yakauke. Funika kwa kitambaa safi, nawa mikono, na ukae mbali na mjamzito asiyewahi kuugua tetekuwanga, mtoto mchanga, na mgonjwa wa saratani aliye kwenye matibabu.

Hepesi ya sehemu za siri sasa. Ule utafiti wa kitaifa wa Ukimwi wa mwaka 2007 ulikuta kwamba asilimia 35 hivi ya watu wazima nchini walikuwa na virusi vya hepesi aina ya pili. Wengi wao hawakujua, maana dalili ni ndogo au hazipo. Kwa hiyo mwenye hepesi hana sababu ya kujifungia chumbani.

Mara ya kwanza ndiyo huwa kali: malengelenge yanayopasuka na kuwa vidonda, mkojo unaochoma, homa, mitoki ya kinena. Dozi ni asikloviri miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku saba hadi kumi, au valasikloviri gramu moja mara mbili kwa siku. Ikirudi, na inarudi, ni asikloviri miligramu 800 mara mbili kwa siku kwa siku tano, au mara tatu kwa siku kwa siku mbili tu. Au valasikloviri miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Siri yake ni kuanza ndani ya siku ya kwanza, ukihisi mwasho kabla hata ya lengelenge. Mwenye kurudiwa mara kwa mara asisubiri foleni ya kliniki kila safari. Aombe cheti mapema, dawa iwe nyumbani. Mwenye HIV hutumia muda mrefu kidogo, siku tano hadi kumi.

Anayerudiwa mara nyingi anaweza kumeza kila siku ili kuzuia: asikloviri miligramu 400 asubuhi na jioni, au valasikloviri miligramu 500 mara moja kwa siku. Akiwa anarudiwa mara kumi au zaidi kwa mwaka, gramu moja ya valasikloviri inafaa zaidi. Valasikloviri ya kila siku hupunguza pia kumwambukiza mwenzi kwa karibu nusu. Nusu iliyobaki ni ya kondomu, na ya kutokutana siku za vidonda. Virusi hutoka kwenye ngozi hata siku ambazo hakuna kidonda.

Kuna waliotumaini kwamba kuzuia hepesi kutazuia HIV isisambae. Jambo hilo lilipimwa kwa uzito katika nchi saba za Afrika, Nairobi ikiwemo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Wenye virusi vyote viwili walipewa asikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku. Vidonda vya hepesi vilipungua sana. Maambukizi ya HIV kwa wenzi wao hayakupungua. Kwa hiyo asikloviri isiuzwe kwa mtu kama kinga ya HIV. Zipo ARV, na PrEP, yaani dawa za kinga kwa asiye na HIV, kwa kazi hiyo.

Si kila kidonda cha sehemu za siri ni hepesi. Kaswende huleta kidonda kimoja kisichouma, na hiyo hutibiwa kwa sindano ya benzathini penisilini, uniti milioni 2.4. Tangu mwisho wa Julai 2024 Kenya ilipothibitisha mpox, tumeongeza swali jingine: kuna homa, mitoki, na vipele kwingineko mwilini? Asikloviri haitibu mpox. Na kuhusu vipimo, kile cha damu cha IgM cha hepesi kinachouzwa sehemu nyingi hakina maana: hakitofautishi aina, na kinaweza kuwa chanya hata ugonjwa ukirudi. IgG inaonyesha kwamba uliwahi kukutana na virusi, haisemi kidonda hiki ni nini. Fedha yako itumie kwa pamba inayochukuliwa kwenye lengelenge bichi na kupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe.

Akina mama wajawazito, asikloviri inatumika katika ujauzito, na mama anayenyonyesha anaweza kuimeza. Mwenye hepesi ya zamani huanzishiwa miligramu 400 mara tatu kwa siku kuanzia wiki ya 36. Hatari kubwa ni kwa mama anayeipata kwa mara ya kwanza miezi mitatu ya mwisho. Mwambieni mkunga, msione haya, kwa kuwa vidonda vikiwepo uchungu ukianza, upasuaji humlinda mtoto. Mtoto mchanga mwenye malengelenge, degedege au anayekataa kunyonya hupelekwa hospitali usiku huo huo. Dozi yake ni ya dripu, miligramu 20 kwa kilo kila baada ya saa nane, kwa siku 14, au 21 kama ubongo umeguswa. Na yule shangazi mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto. Mtoto hatamkumbuka kwa ubaya.

Vidonda visivyopona baada ya siku saba hadi kumi za dozi kamili iliyomezwa kweli kweli ndivyo vya kushuku usugu, yaani virusi visivyosikia dawa tena. Kwa wenye kinga nzuri usugu ni nadra mno. Kwa wenye kinga ndogo hutokea. Hapo usibadilishe asikloviri kwa valasikloviri, kwa sababu dawa hizo mbili hupitia mlango mmoja. Mpeleke mgonjwa kwa mtaalamu.

Chanjo ya mkanda wa jeshi ipo, ile ya Shingrix iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, sindano mbili zikipishana miezi miwili hadi sita, kwa watu wa miaka 50 na zaidi. Ulizeni kwenye vituo vya chanjo vya kulipia kama wanayo na bei yake. Haitibu mkanda uliokwisha kutokea.

Tumefika kwenye maswali. Kama una cheti cha daktari au pakiti ya dawa mfukoni, njoo nayo hapa mbele. Mfamasia ana kikokotoo, atahesabu nawe vidonge kimoja kimoja. Wazee waanze.